Odi Bila Chumvi

Hakutaka tumwite bibi. Siku ndugu yangu mdogo alipojaribu, amesimama kwenye ua na bakuli tupu mkononi, alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye jiwe lake. "Bibi yako amelala pale nyuma ya nyumba yenu. Mimi ni jirani."

Basi tukamwita Jirani. Sisi watoto wanne tulimwita hivyo, baadaye wake na waume zetu wakamwita hivyo, na mwishowe watoto wetu. Binti yangu alipoanza shule alirudi nyumbani amekasirika kwa sababu mwalimu aliwaambia kila mtu ana jirani. Yeye alijua Jirani ni mmoja, na anakaa Osukuru.

Ninaandika juu yake kwa sababu ya swali nililoulizwa na daktari. Ilikuwa upande wa Kenya, kwenye korido ya hospitali, naye Jirani yuko ndani ya wodi amebandikwa nyaya kifuani. Alikuwa amepata mshtuko wa moyo. Watu wa ukoo wa mume wake walikuwa njiani na pikapu kuja kumtoa, na mimi nilitaka abaki atibiwe. Daktari alikuwa kijana, amechoka, mwenye adabu. Aliniuliza, "Kabla ya wiki hii, huyu mama alikuwa anafanya nini mwenyewe?" Nilimjibu kwamba anasaga. Nikatafuta cha kuongeza, nikakosa, maana mtu ukimjua maisha yako yote huwezi kumtoa kwenye korido kwa maneno machache. Haya ndiyo ningemwambia daktari kama angekuwa na siku nzima ya kunisikiliza.

Nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ua mmoja tu, chini ya vilima wanakochimba mawe ya mbolea. Malori yakipita, vumbi jeupe lilitua juu ya majani ya migomba na juu ya nguo zilizoanikwa, lakini juu ya jiwe la Jirani halikutua kamwe, kwa kuwa lilikuwa kwenye kibanda alichokizungushia matete pande zote. Kazi yake ilikuwa odi. Alikaanga karanga na simsim kwenye chungu kipana, akapepeta maganda, kisha akapiga magoti na kusaga juu ya jiwe kubwa kwa jiwe dogo la mkononi mpaka mafuta yatoke na vitu viwili viwe kitu kimoja, kizito na kilaini. Mwishoni alitia chumvi. Kijiko kimoja cha odi ile kwenye majani ya kunde, na mgeni wako ataomba kuongezwa.

Watu wakimwona akitembea waliona kizee chembamba kilichopinda. Ukimwona amepiga magoti kwenye jiwe ulimwona mtu mwingine. Mabega yalikuwa ya mpakiaji magunia. Alikwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, pumzi yake ikifuata mkono, na hakupenda kusemeshwa wakati huo. Akitaka kukujibu angesimamisha jiwe, angekujibu, halafu angeanza tena. Kwa hiyo tulijifunza mapema kutomwuliza mambo ya kipuuzi.

Jiwe likitumika sana hulainika, na likilainika halisagi tena, linateleza tu juu ya karanga. Hapo hulazimika kuligonga uso wote kwa jiwe lingine gumu mpaka likwaruze upya. Kazi hiyo aliifanya peke yake, amefunga leso kichwani na kufinya macho kwa sababu ya vipande vinavyoruka. Ilichukua asubuhi nzima. Siku ya kugonga jiwe hata kuku walikaa mbali. Jioni yake mikono ilimuuma, akaipaka mafuta ya simsim, akatulalamikia sisi kana kwamba ndio tuliolilainisha.

Umri wake hakuujua wala hakuutafuta. Alichokisema ni kwamba kiwanda cha saruji kilipoanza kujengwa Tororo yeye alikuwa ameshaolewa, na kwamba alichukia kelele zake tangu siku hiyo. Watoto aliowazaa walikuwa wametangulia wote. Hilo alilisema mara moja tu, akiwa anapepeta, na hakulirudia.

Nimesema alikuwa jirani. Ninyi msomao mtafikiri basi alitulisha bure. Hapana, alitulisha kwa namna yake. Wazazi wetu walipokwisha, baba kwanza na mama baadaye, majirani wengine walituletea vyakula vilivyofunikwa kwa sahani, wakasimama mlangoni kutuangalia tukila. Jirani hakuleta sahani hata siku moja. Alituita kwenye ua na kudai kitu. Majivu ya kusugulia sufuria. Mzigo wa kuni. Kufukuza mbuzi wa padri kwenye muhogo wake. Ukishaleta, anakukatia odi kwenye jani la mgomba na kusema, "Tumemalizana." Ndiyo maana sisi wanne hatukukua na aibu ya kula cha watu.

Siku moja Obbo, mdogo wetu wa mwisho, hakuwa na cha kuleta. Mvua ilikuwa imenyesha, kuni zimelowa, mbuzi wamefungwa. Jirani akamwambia alete habari basi. Obbo akafikiri, akamwambia kwamba katekista ameanguka na baiskeli mtoni akaumia goti. Jirani alisimamisha jiwe ili asikie vizuri. Alimpa odi mara mbili. Jumapili iliyofuata, mbele ya kanisa, watu wote wakitoka, alimshika katekista mkono na kumwuliza goti linaendeleaje. Katekista akajitazama magoti yote mawili. Obbo alikimbia mpaka nyumbani. Jirani alipofika kwenye ua alimwita na kumwambia tu kwamba ile odi ilikuwa ya habari, na habari imeonekana kuwa mbovu, kwa hiyo ana deni la kuni. Lakini nilimwona anacheka na mabega.

Kanisani alikwenda kila Jumapili, na kutoka kanisani alikwenda moja kwa moja kwenye chungu cha pombe ya ulezi. Wanawake wa rika lake walikaa pembeni. Yeye alikuwa na mrija wake mwenyewe, aliuning'iniza juu ya mlango pamoja na rozari, na nafasi yake kwenye duara ilikuwa kati ya wazee wawili waliomwogopa. Alikunywa kidogo. Alikwenda kusikiliza, na akirudi alijua ni shamba la nani linauzwa na ni mwana wa nani amerudi kutoka Kampala na mkono mtupu. Niliwahi kumwuliza kama padri hasemi kitu. Akasema padri anakaa mkono wake wa kulia.

Aliogopa sindano. Huyo huyo aliyeua nyoka kwenye chumba chetu kwa mwiko wa ugali, aliogopa sindano kama mtoto. Akipata malaria alimeza vidonge vichungu bila kukunja uso, lakini akimwona nesi ameshika bomba aliondoka na kanga mkononi. Mara moja walimfuata mpaka njiani.

Sasa niseme juu ya siku ya kikao.

Mama alipokwisha kuzikwa, wazee wa ukoo wetu walikaa uwanjani kutugawa. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na nyumba iliyojaa, na bado kila mmoja alijitolea kuchukua mtu. Mmoja wetu angekwenda Kiyeyi kwa shangazi, mwingine Lumino kwa binamu ya baba, Obbo angechukuliwa na mjomba. Mimi niliyekuwa mkubwa wangenitafutia kazi ya ndani mjini. Nilikuwa darasa la sita. Tulikaa kwenye mkeka tukisikiliza majina yetu yakitajwa.

Jirani hakuwa mtu wa ukoo. Alikuja na kigoda chake, akakaa nyuma kabisa. Mzee aliyeongoza alipofika mwisho na kuuliza kama kuna neno, yeye akasema, "Mmewauliza?"

Mzee akamwuliza tangu lini watoto wanaulizwa.

"Nimewasikia wakilia wiki nzima," akasema. "Midomo wanayo."

Watu wengine walicheka. Mzee, nadhani ili kumnyamazisha, akanigeukia na kuniuliza mimi ninaonaje. Sikuwa nimejiandaa. Nilisema tunataka kubaki pale pale, wanne, na kwamba mimi nitawaangalia. Ukawa ubishi mrefu, nao mwishoni wakakubali kutujaribu hadi mavuno.

Walipoondoka nilikwenda kwenye ua kumshukuru. Hakuzipokea shukrani. "Umeulizwa, umejibu," akaniambia. "Sasa jibu lako ulibebe mwenyewe." Na kesho yake asubuhi aliniita kibandani, akanisogezea jiwe la mkononi, akanionyesha pa kuweka magoti. Shule yangu iliishia hapo. Asubuhi nilisaga naye, mchana nililima, na wadogo zangu wakaenda darasani hadi walipomaliza. Sijawahi kulijutia jibu lile, ingawa zipo siku nililibeba kwa meno.

Nilipoolewa nilihamia Busia, upande wetu wa Uganda, nikaanza kuuza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani ninaowafuata Lumino. Hapo nikamjua Jirani wa siku za soko. Odi yake aliiuza ng'ambo, Kenya. Alikuja na beseni lake, akalitua kwenye kibanda changu, akanywa chai bila kusema asante, kisha akavuka. Alisema Wakenya wanaongea haraka mno na wanaweka majani mengi kwenye chai, na hata hivyo hakutaka kuuza kwingine, kwa sababu walijua odi nzuri. Kubishana nao kulimfurahisha. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, kimekatwa katwa, lakini kwenye bei kilimtosha. Mteja mmoja, mama mnene mwenye kitambaa cha kung'aa, alimwambia, "Shosho," yaani bibi kwa Kiswahili cha kwao, "si unipunguzie."

"Mimi nakupunguzia nini? Odi ama miaka yangu?"

Yule mama alicheka akalipa. Jirani hakushusha bei hata mara moja niliyoiona mimi. Alikuwa tayari kurudi na beseni limejaa kuliko kusema "chukua".

Na hilo ndilo lililomwokoa.

Siku hiyo ya soko alifika kibandani kwangu kama kawaida, lakini chai hakuinywa. Uso ulikuwa umelowa jasho na asubuhi ilikuwa na baridi. Nilimwuliza ana nini. Akasema ni jiwe. Alikuwa amelikwaruza siku mbili kabla, na tangu hapo bega na mkono vilimuuma, mpaka kwenye taya, na tumbo likawa kama limejaa hewa. Majirani wa kule nyumbani walikuwa wamemkanda kwa mafuta ya simsim. Niliamini. Sisi tunaosaga tunajua maumivu ya mkono, na kila mwanamke wa kwetu angemwambia vile vile: umeligonga jiwe, pumzika. Hakuna aliyefikiria moyo. Moyo tulidhani ni ugonjwa wa kuanguka ghafla umeshika kifua, na ugonjwa wa watu wanene wenye magari.

Akavuka. Kikombe chake kikabaki kwenye benchi kimejaa, na kila nilipokitazama nilikosa amani. Nikamwachia mwenzangu dagaa, nikamfuata.

Nilimkuta amekaa chini kando ya beseni, mgongo umeegemea mguu wa meza ya mtu. Mteja mmoja alikuwa anataja bei ya kijinga. Jirani akamwambia kwa sauti ndogo, "Chukua."

Sikungoja zaidi. Pale mpakani kuna walemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, na mmoja alikuwa karibu na magunia yake ya unga. Alimtazama Jirani mara moja tu, akaniambia nishushe magunia. Tukampandisha. Yeye akazungusha mikono, mimi nikasukuma nyuma, na tulipiga kelele watu watupishe mpaka geti la hospitali iliyokuwa karibu, ambayo ilikuwa ya ng'ambo. Beseni lilibaki na yule mwenye meza. Alilitunza, na odi yote akaiuza kwa bei ya Jirani.

Walimpima kwa mashine inayochora mistari, wakachukua damu, wakampa vidonge vya kutafuna. Daktari alinieleza taratibu. Sehemu ya moyo ilikuwa imenyimwa damu tangu pengine siku mbili zilizopita. Kwa wazee sana, alisema, mara nyingi haiji kwa kishindo. Inakuja kama uchovu, pumzi fupi, tumbo, bega. Dawa kali ya kuyeyusha damu iliyoganda wakati wake ulikuwa umepita, na kwa umri ule ingeweza kumvujisha damu kichwani. Kumpeleka mji mkubwa wakafungue mshipa kwa waya ilikuwa safari ndefu ambayo hakuwa na uhakika kama angeimaliza. Lakini kulikuwa na sindano za chini ya ngozi na vidonge vya kuzuia damu isigande tena, na kulikuwa na kitanda. Akikaa pale akaangaliwa, alikuwa na nafasi. Ndogo kuliko ya kijana, akasema, lakini ipo. Ndipo akaniuliza alikuwa anafanya nini mwenyewe. Aliponiona nimekwama baada ya "anasaga", akaniuliza anasaga nini, kwa mashine? Nikamwonyesha kwa mikono, pale pale kwenye korido, mbele na nyuma. Akanitazama kidogo. Akasema, "Basi umri peke yake hautanizuia."

Nilikuwa nimempigia simu Ochwo, mtoto wa ndugu ya marehemu mume wake, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo ule. Alifika mchana na pikapu, godoro nyuma, na wanaume wawili. Alivua kofia alipoingia. Ochwo si mtu mbaya, na ninataka hili lieleweke. Ndugu yake alikuwa amefia ng'ambo miaka ya nyuma, na Ochwo ndiye aliyesimama na jeneza mpakani kwenye jua, akitumwa ofisi hii na ile, karatasi hii haipo, muhuri ule haupo, huku nyumbani waombolezaji wanangoja na kaburi liko wazi. Mtu hai kwetu anavuka bila maswali. Maiti inavuka kwa karatasi. Ochwo aliapa hatarudia.

"Mama ana miaka mia hivi," akaniambia mlangoni mwa wodi. "Mnamtoboa toboa ya nini? Tumpeleke akalale kwake angali anapumua."

Nilimwambia kwamba daktari amesema ana nafasi.

"Daktari atakuja kunibebea jeneza?"

Nesi akatoka kutuambia tupunguze sauti. Akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema jirani. Akasema basi hao ndio wenye mgonjwa, wao ndio wataamua. Ochwo akaashiria wale wawili walete godoro. Nilijiweka katikati ya mlango. Mimi si mrefu na sikuwa na haki yoyote pale. Nilikuwa na neno moja tu, na halikuwa langu.

"Mmemuuliza?" nikasema.

Ochwo akashusha mkono. Alikuwepo siku ile ya kikao, kijana wa nyumba ya pili aliyekuja kutazama, amesimama nyuma ya wazee, na nadhani alikumbuka. Daktari alikuwa ametusikia. Alisema kama mgonjwa yuko macho na anaelewa, kweli yeye ndiye wa kuulizwa, akatutangulia ndani.

Jirani alionekana mdogo sana kwenye kitanda kile. Daktari alivuta kiti akakaa ili macho yao yalingane, akamweleza yote, na mimi nikamtafsiria kwa Dhopadhola, lugha yetu, pale Kiswahili kilipozidi. Aliposikia sindano alifumba macho.

"Nyingi?"

"Asubuhi na jioni, shosho. Tumboni. Siku chache."

"Nikikataa?"

"Unaweza kufika nyumbani, unaweza usifike. Ukikubali pia siwezi kukuahidi kitu. Lakini nafasi yako inakuwa kubwa zaidi."

Akamgeukia Ochwo. "Na wewe na gari yako, unataka nini?"

"Mama, nataka ulale kwako," akasema Ochwo, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ukifia huku nitakuvushaje?"

"Nitakungoja hapo mpakani, na karatasi zangu mkononi."

Mmoja wa wale wanaume alicheka akageuzia uso ukutani. Jirani alipumua kwa shida, akapumzika, kisha akasema jambo ambalo sisi sote tulilielewa isipokuwa daktari. "Nina simsim nimeacha imekaangwa. Haijasagwa. Itaharibika." Akafungua macho kumtazama daktari. "Piga. Lakini yule mtoto mwenye mkono unatetemeka asiniguse."

Alimaanisha nesi mwanafunzi, aliyekuwa amesimama na trei. Nesi mkubwa alimpiga sindano yeye mwenyewe. Jirani alinishika kidole cha shahada, na mfupa wa mkono wake mpaka leo naukumbuka.

Ochwo hakurudi nyumbani. Alilaza godoro lile kwenye pikapu na kulala juu yake nje ya geti, akawa ndiye analeta uji. Siku tuliyomvusha Jirani kurudi, amekaa mbele kwenye pikapu, askari wa mpakani aliuliza kama kuna chochote cha kutangaza. Jirani akamwambia ndani ya gari kuna maiti ya Ochwo, imekufa kwa woga.

Watu walidhani hatafika mvua za vuli. Alifika, akaziona mvua hizo na nyingine, na simsim ikavunwa, ikapandwa, ikavunwa tena. Lakini masharti yalikuwa mengi. Vidonge kila asubuhi, hata akijisikia mzima. Kutembea kidogo kidogo. Kutogonga jiwe kabisa. Na chumvi, daktari alimkataza. Hili la mwisho lilimuuma kuliko sindano. Mdogo wangu Akoth, ambaye ameolewa hapo karibu, pale pale Osukuru, ndiye aliyekuwa akisaga. Jirani alikaa kwenye kigoda akisikiliza sauti ya jiwe, na kabla ya Akoth kutia chumvi alijichotea yake pembeni. Akiila alisema ni udongo. Alisema ng'ombe wanalambishwa chumvi na yeye je. Lakini hakuiba hata punje, na Obbo aliyekwisha kuwa mtu mzima alipomtania kwamba atamletea kwa siri, alimkatalia. Alisema alimwambia yule daktari apige, na kukubali huko kulikuwa kwa yote.

Mwaka jana, msimu wa kupura simsim, Akoth alinipigia simu. Miguu ya Jirani ilikuwa imevimba. Alikuwa halali ila ameketi. Kliniki ya Tororo walikuwa wamemwongezea dawa, uvimbe ukapungua, ukarudi. Nilikodi gari na kwenda asubuhi ile ile. Nilipofika nilipanga kanga zake na vidonge kwenye mfuko, nikaweka mfuko mlangoni, yeye ananiangalia kutoka kwenye kitanda kilichoinuliwa kwa mito. Dereva alikuwa hajazima injini.

Kisha nikakaa kitandani. Nilijua ni lazima nimwulize, na nilitamani asingenifundisha.

"Jirani," nikasema, "twende hospitali?"

Alitafuta kwanza pumzi ya kutosha.

"Mara ile mlinirudisha kwenye jiwe," akasema. "Mara hii mtanirudisha wapi?"

Nilimwambia labda wana dawa nyingine. Akasema labda. Nilimwambia daktari yule yule bado yupo. Akaniambia nimsalimie. Halafu akaniwekea mkono wake kwenye goti, mkono ule, sasa umebaki ngozi na mishipa, na mimi nilimjua vya kutosha kutoendelea. Nilitoka nje nikamwambia dereva aende. Nilisimama pale ugani mpaka vumbi lake likatua. Kisha nikarudi ndani na kuutoa mfuko mlangoni.

Alitaka kukaa kibandani. Mimi na Akoth tulimbeba na kumweka kwenye kigoda, mgongo kwenye nguzo. Aliangalia jiwe. Akasema Akoth ameliacha limelainika, na ndiyo, lilikuwa limelainika. Basi nilifunga leso kichwani, nikaligonga, yeye akiwa amejikinga macho kwa kiganja. Nilifagia unga wa jiwe, nikaliosha, likakauka juani. Akoth alileta simsim mpya iliyokaangwa na karanga. Nikapiga magoti pale pale aliponionyesha nilipokuwa darasa la sita.

Nilisaga. Mwanzoni alisema ninakimbia, nikapunguza mwendo. Nilisikia pumzi yake nyuma yangu, fupi fupi, na jiwe langu likaanza kuifuata bila mimi kupanga. Mafuta yalipotoka nilichota kidogo na kumwekea kwenye jani, ile yake, kabla ya chumvi, kama tulivyozoea. Alichovya kidole akaonja. Akalirudisha jani.

"Haina chumvi," akasema.

Nilimtazama. Akoth naye alimtazama.

"Umeniuliza, nimejibu," Jirani akasema. "Tia."

Nikatia.